Nimeacha nafaka na sukari, sasa nanyonyesha sina nguvu hata za kumbeba mtoto

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia nikiwa kazini, nimejitenga stoo wakati wenzangu wanakula, maana nyumbani siwezi kuandika bila mtu kuniuliza naandika nini. Naomba jina langu usilitoe.

Nina miaka 33, naishi Tanga na mume wangu, ila kwetu ni Moshi. Mtoto wa kwanza ana miaka sita. Wa pili ana miezi minne na nusu, ananyonya maziwa yangu tu, na nataka afike miezi sita hajaonja kitu kingine kama tulivyoelekezwa kliniki.

Mimba hii ya pili haikuwa kama ya kwanza. Mwezi wa saba nilipimwa nikaambiwa sukari imepanda, nina kisukari cha ujauzito. Dawa sikupewa, niliambiwa nipunguze vyakula fulani. Shangazi, nilitetemeka. Mama yangu mzazi ana kisukari tangu nikiwa sekondari. Mwaka juzi alipata kidonda kwenye kidole cha mguu, kikagoma kupona, wakakata kidole, baadaye wakakata mguu chini ya goti. Mimi ndiye niliyemuuguza wodini. Kwa hiyo mtu akinitajia sukari, mimi naona mguu wa mama.

Nilijifungua salama, ingawa damu ilitoka nyingi, wakanitundikia dripu na kunilaza siku ya ziada. Muuguzi alinipima sukari kabla sijaruhusiwa, akasema imerudi kawaida. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu nikaondoka. Vile vidonge niliviacha kwa sababu vilikuwa vinanifunga choo.

Nilipokuwa najiandaa kurudi kazini, rafiki yangu alinipeleka kwa dada mmoja anayefundisha watu kupunguza uzito. Masharti yake yalianza na nafaka na sukari: hakuna ugali, wali, chapati, mkate, uji, asali, soda wala juisi. Niliyaweza. Baadaye akasema viazi, mihogo, magimbi na ndizi ni yale yale, nikaviacha. Maharage nayo akayatoa. Kwenye matunda nimebaki na parachichi na ndimu. Chumvi nanunua kwake, ile ya mawe ya rangi ya pinki. Sasa hivi nakula mara mbili tu, saa saba mchana na saa moja usiku. Hapo katikati ni maji, na kahawa au chai ya rangi bila sukari. Sahani yangu ni mayai, samaki au nyama, mchicha, parachichi na mafuta ya nazi.

Sitasema uongo, matokeo nimeyaona. Nimepungua kilo 9 kwa miezi miwili. Mume wangu ananiangalia kama enzi za uchumba, ananiambia nimerudi kuwa msichana. Jirani ana mashine ya kupimia sukari, nikijipima asubuhi inasoma nne na pointi. Nikiona ile namba nalala kwa amani.

Lakini nguvu sina, Shangazi. Mwanzoni nilisikia uchovu nikaambiwa ni mwili unazoea. Mbona hauzoei? Ofisi yetu ipo ghorofa ya pili. Siku hizi nikifika katikati ya ngazi nashika chuma, nasubiri moyo utulie ndipo nimalizie. Nikisimama ghafla macho yanaingia giza. Nywele zinatoka kwenye kitana mafungu mafungu. Msimamizi wangu ameniita akaniuliza kama naumwa, maana nasoma karatasi moja mara tatu na siielewi. Kuna usiku nilikuwa nimekaa kwenye kochi namnyonyesha, usingizi ukanichukua. Niliposhtuka mtoto alikuwa ameteleza, kichwa chake kimebanwa kati ya mkono wangu na mto wa kochi. Hakuumia. Mimi mwili ulikufa ganzi. Mume wangu sijamwambia.

Mama mkwe anakaa nasi tangu nijifungue. Kila alfajiri anapika uji wa mchele wa nazi na pilipili manga, anaujaza kwenye chupa ya chai na kuniwekea juu ya meza. Namshukuru, akitoka nampa mtoto mkubwa. Ameshagundua. Juzi alisema mbele ya mume wangu, "Huyu mtoto utamkausha. Kama chakula hutaki, basi mnunulieni maziwa ya kopo." Niliingia bafuni nikalia. Yule dada wa mafunzo naye nikimwambia nimechoka ananijibu kwamba nikirudi nyuma hatua moja tu, sukari inanirudia na itakuja na mguu wangu.

Mtoto mwenyewe hana shida. Kwenye kadi ya kliniki mstari wake unapanda vizuri. Mimi ndiye ninayeisha.

Nifanye nini? Nikila naogopa kuwa kama mama. Nisipokula naogopa siku moja nitadondoka na mtoto mkononi. Au nimwachishe nibaki na mlo wangu?

Mama wa Wawili, Tanga

*

Marahaba mwanangu, Mama wa Wawili.

Pole. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nimesimama kwa mama yako. Umemuuguza mzazi aliyekatwa mguu, kisha wewe mwenyewe ukiwa na mimba ukaambiwa sukari imepanda. Mtu ambaye hajapita hapo ataiona hofu yako kama ya kujitakia. Ina msingi. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ana hatari ya kupata kisukari cha kudumu mara 7 au zaidi kuliko aliyejifungua bila tatizo hilo. Kwa hiyo sitakuambia usiogope. Nitakaa nawe tuitazame hiyo hofu, imekufikisha wapi, na kama bado inakulinda.

Kabla hatujaenda mbali, kuna jambo nataka ulijue leo. Mama anayenyonyesha akikosa wanga karibu wote, hasa akiwa anakaa saa nyingi bila kula, mwili huunguza mafuta kwa kasi mpaka damu inaweza kujaa asidi. Hutokea mara chache, lakini madaktari wameandika visa vya akina mama wanaonyonyesha waliofikishwa hospitali hivyo, na sukari yao kwenye mashine haikuwa juu hata kidogo. Wewe unakula saa moja usiku, unakula tena saa saba mchana. Ni saa 18, na katikati mtoto ananyonya usiku kucha. Ukianza kichefuchefu au kutapika, tumbo likauma, ukahema haraka haraka bila kukimbia, mdomo ukatoa harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, au ukashindwa kula kwa sababu ya homa au kuharisha, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba unanyonyesha na huli wanga. Usipomwambia, anaweza asifikirie hilo kabisa.

Sasa tuje kwenye uchovu. Umeniandikia kama vile una mashaka mawili tu: chakula kinakuletea kisukari, kutokula kunakuletea udhaifu. Mimi nasoma barua hiyo hiyo naona mambo zaidi ya mawili.

Nianze na hesabu ya maziwa, maana naona hakuna aliyekueleza. Mtoto wa umri wa wako anayenyonya tu hunywa kama mililita 750 kwa siku, wengine zaidi. Katika kila mililita 100 mna takribani gramu 7 za sukari ya maziwa. Zidisha: mwanao anachukua kwako gramu 50 hivi za sukari kila siku, na sukari hiyo inatengenezwa ndani ya titi kutokana na sukari iliyomo kwenye damu yako. Ukiangalia sahani uliyonitajia, sidhani kama wanga wake wote unafika gramu 50. Mtoto anakunywa sukari nyingi kuliko unayoila wewe. Inayopungua ini lako linaitengeneza kwa nyama na mayai unayokula, na chakula kikipungua, kwa nyama ya mwili wako mwenyewe. Ndiyo maana mstari wa mtoto kwenye kadi unapanda huku wewe unashika chuma cha ngazi. Maziwa hayajaharibika. Mama mkwe wako hapo atulie, mtoto hajakauka. Anayelipa ni wewe.

Mapendekezo ya lishe ya Marekani, ambayo wataalamu wengi wa nchi nyingine huyarejea, humwekea mtu mzima wa kawaida gramu 130 za wanga kwa siku, na mama anayenyonyesha 210. Sisemi namba hizo ni sheria. Wapo wanaokula chini yake wakawa wazima. Nakuonyesha tu umbali uliopo kati ya hapo na ulipo wewe. Juu ya hilo, kunyonyesha peke yake kunadai kama kalori 500 za ziada kila siku, na wewe umepunguza mlo ukabaki na miwili. Kupungua nusu kilo kwa wiki ndiko wataalamu wengi wanakokuona salama kwa anayenyonyesha. Wewe umekwenda karibu mara mbili yake.

Lakini mwanangu, usiubebeshe mlo peke yake mzigo wote. Umetaja, kwa kupita tu, kwamba damu ilitoka nyingi na vidonge vya kuongeza damu uliviacha. Mimi hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Moyo kwenda mbio kwenye ngazi, macho kuingia giza, nywele kutoka, akili kushindwa kushika unachosoma: hayo yote upungufu wa damu unaweza kuyafanya hata kwa anayekula ugali mara tatu. Na si jambo la nadra kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kipimo chake ni tone la damu, na majibu hutoka muda huo huo. Wingi wa damu ukisoma chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu. Ukikutwa nao, mwambie daktari kwamba vidonge vilikufunga choo. Wanaweza kubadilisha aina au kukupangia kumeza siku moja na kuruka nyingine. Na choo kigumu kina ndugu wengine katika mlo wako, maana umetoa maharage, nafaka na karibu matunda yote, vitu vyenye nyuzinyuzi za kulainisha choo. Ile kahawa na chai ya rangi, ukizinywa karibu na chakula, huzuia mwili kufyonza chuma, zisogeze saa moja au mbili mbali na sahani. Ndimu unayokamulia kwenye mchicha endelea nayo, yenyewe husaidia.

Kuna chumvi pia. Chumvi ya kawaida ya dukani hapa kwetu inatakiwa kuwa na madini joto. Chumvi ya mawe ya pinki kwa kawaida haijaongezewa. Anayenyonyesha anahitaji madini joto mengi kuliko mtu mwingine, kwa sababu mtoto anayapata kupitia maziwa, nayo yanajenga ubongo wake. Soma pakiti. Isipoandikwa kwamba ina madini joto, kurudia chumvi ya kawaida hakutakupandisha sukari hata chembe. Ukifika hospitali waulize pia kuhusu tezi ya shingo, kwa sababu katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua huweza kuvurugika, na uchovu ni moja ya dalili.

Na kulia bafuni je? Mtu aliyesemwa na mama mkwe mbele ya mumewe ana haki ya kulia. Nakuuliza tu, kwa upendo: ni siku ile tu, au siku nyingi? Kuna kinachokufurahisha siku hizi ukiacha ile namba ya mashine? Sonona baada ya kujifungua huanza taratibu, mara nyingi ikijificha nyuma ya uchovu, na inatibika. Kama majibu yako yanakutisha wewe mwenyewe, mweleze muuguzi wa kliniki siku unayompeleka mtoto. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae peke yako hata dakika, mwambie mumeo akupeleke.

Sasa tuiguse hofu yenyewe. Umeamini kwamba kila tonge la nafaka ni hatua ya kuelekea kwenye mguu wa mama. Uliambiwa hivyo na mtu uliyemwamini ukiwa umeogopa, na aliyeogopa hushika kamba ya kwanza anayotupiwa. Ila hebu nikupe habari ya pili. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari, matokeo yakatoka 2002. Waliwachukua watu ambao sukari yao ilishaanza kupanda, wakawapa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki. Waliougua kisukari walipungua kwa asilimia 58 kulinganisha na wasiofanya hivyo. Hawakukatazwa nafaka. Kilo ulizopungua zinahesabika kwenye kinga hiyo, hakuna wa kukunyang'anya. Swali ni kama unahitaji kuendelea kujinyima namna ile ile ili uzitunze.

Tena ile nne na pointi ya asubuhi inakutuliza zaidi ya inavyostahili. Inasema sukari yako ikoje ukiwa hujala wanga. Haisemi mwili wako unaupokeaje ukija. Mama aliyepata kisukari cha ujauzito hutakiwa kupimwa upya kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kwa kunywa maji ya glukosi na kupimwa baada ya saa mbili, kisha kurudia kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu. Wewe ulipimwa kabla ya kuruhusiwa, basi. Kipimo hicho bado unakidai. Na sikiliza hili, maana hata baadhi ya wahudumu hawalisemi: mtu aliyekaa bila wanga kwa muda akinyweshwa glukosi ghafla, anaweza kuonekana ana kisukari na kumbe hana, mwili umesahau tu kuipokea. Ndiyo maana anatakiwa ale wanga wa kutosha, si chini ya gramu 150 kwa siku, siku tatu kabla. Kwa hiyo usikimbilie kupima kesho. Mweleze daktari unachokula, mpangiane.

Njia zilizo mbele yako ni zaidi ya mbili ulizoziandika, na hakuna isiyo na gharama.

Kuendelea ulivyo, gharama yake umeshaiandika mwenyewe kwa mkono wako, na nimekuongezea ile ya damu kujaa asidi. Ukiamua kushika masharti kwa sasa, walau legeza saa. Kula asubuhi kabla ya kutoka, na uwe na kitu usiku. Hilo halivunji katazo la nafaka wala la sukari.

Kurudia kila kitu kama zamani, chai ya sukari na maandazi, wali sahani imefura, soda ya baridi mchana, utapata nguvu ya haraka, na huenda hofu ikakurudia usiku mzima. Tena kwa historia yako, sukari ya kuongeza na vinywaji vitamu hata mimi ningekuwa nawe katika kuviepuka.

Kuna njia ya katikati ambayo wewe wa Moshi unaijua kuliko mimi. Ulipojifungua wa kwanza, naamini uliletewa mtori. Ndizi mshare zimechemshwa na mifupa ya ng'ombe mpaka zikalegea, zikapondwa, hakuna nafaka ndani yake, hakuna sukari iliyoongezwa. Uliyoyaacha mwanzo yalikuwa nafaka na sukari. Viazi, ndizi, magimbi na maharage yalikuja kutolewa baadaye, moja baada ya jingine, na nadhani nguvu zako zilitoka mlangoni pamoja navyo. Unaweza kubaki na ahadi yako ya kwanza ukavirudisha hivi. Kiazi kitamu cha wastani, cha kuchemsha, kina kama gramu 25 za wanga. Maharage, kunde na choroko huachia wanga wake polepole kwenye damu, na yana chuma na nyuzinyuzi ulizozikosa. Papai kipande, chungwa zima badala ya juisi yake, maziwa au mtindi usio na sukari. Dagaa. Maini mara moja moja.

Hatari yake ni kudhani kwamba kwa sababu si nafaka basi haipandishi sukari. Muhogo sahani nzima unapandisha kama ugali. Kipimo cha ngumi yako kwa mlo, pamoja na mboga na samaki, ndipo wengi huanzia, na mashine ya jirani hapo itakufaa kweli: jipime saa mbili baada ya kula kiazi uone mwili wako unasemaje, ukaandike kwenye daftari la kumpelekea daktari. Na jua kwamba uzito unaweza kurudi kilo moja au mbili siku za mwanzo. Hayo ni maji yanayorudi pamoja na wanga. Usije ukatishika ukaacha.

Wapo pia wanaorudisha nafaka kidogo, dona au uji wa ulezi usio na sukari, wakishapima. Hilo liache mpaka kipimo kitoke, ukitaka.

Kumwachisha mtoto naona umelitaja ukiwa umechoka. Ni uamuzi wako, na mama anayeacha kunyonyesha ili apone hajamsaliti mtoto. Ila lipime hivi: maziwa ya kopo yana bei yake kila wiki, maji yake yachemshwe kila mara, na tafiti zilizowafuatilia akina mama waliopata kisukari cha ujauzito zimeonyesha kuwa walionyonyesha zaidi walipata kisukari cha kudumu kwa uchache. Kunyonyesha kwenyewe kumo katika kinga unayoitafuta.

Lile tukio la kochi nisilipite. Kochi ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote kusinzia na mtoto mchanga. Ukijua umechoka, ni heri umnyonyeshe ukiwa umelala ubavu kitandani, godoro gumu, mito na mashuka mazito yakiwa mbali naye, kuliko kukaa kwenye kochi ukijipa moyo kwamba hutasinzia. Na mumeo mwambie. Hajui kwamba yule msichana anayemsifia anashindwa kupanda ngazi. Ukimwambia, anaweza kuamka yeye usiku, akubebee mtoto akuletee, akisha kunyonya amcheulishe yeye nawe ulale. Anaweza pia kwenda nawe hospitali. Najua unaogopa kwamba ukianza kula macho yake yatabadilika. Hilo nalo unaweza kumwambia, kwa maneno hayo hayo.

Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili ya kunyonyesha. Msimamizi aliyekuita kukuuliza kama unaumwa amekufungulia mlango wa kulizungumza. Huenda ukapata muda wa kukamua maziwa na kula, badala ya kushinda na kahawa.

Mama mkwe wako ana ulimi, sikatai. Lakini kila alfajiri ameamka akakuna nazi, akasaga pilipili manga, akakuwekea chupa mezani, na hakuna aliyemweleza kwa nini hunywi. Je, anaijua habari ya mguu wa mama yako? Anajua uliambiwa una sukari ukiwa na mimba ya mjukuu wake? Kama hajui, yeye anaona mkamwana anayekonda kwa kutaka urembo. Akijua, mkono ule ule unaopika uji unaweza kukupikia maharage ya nazi, au magimbi na samaki. Unaweza hata kumfundisha mtori, ndizi Tanga zipo. Akikataa kuelewa, walau utakuwa umesema, na mumeo atakuwa amesikia.

Yule dada wa mafunzo sina ugomvi naye, amekusaidia kupungua. Nakuomba umuulize kitu kimoja tu: amewahi kumwongoza mama anayenyonyesha mtoto asiyekula kitu kingine, na alimpima damu kabla? Jibu lake litakusaidia kuamua umpe sikio kiasi gani.

Kama ni mimi ninayekuchagulia pa kuanzia wiki hii, ningeanza na kipimo cha wingi wa damu, kwa sababu hicho hakikutaki uamue kwanza ule nini. Kadi ya mtoto nenda nayo, na majina ya dawa zozote unazomeza, hata za mitishamba. Wakishakupa namba niandikie tena, pamoja na ulichozungumza na mumeo, tuendelee kutoka hapo.

Mimi Shangazi yako